Unafuga mbwa mtaani? Anza na bwana mifugo wa kata

Hii nawaandikia nyie mnaojenga huko pembezoni mwa Dar, Chanika, Kivule, Bunju na kwingineko, maana mtu akishahamia kwenye nyumba hata plasta haijapigwa kitu cha kwanza anatafuta mbwa, na sawa, wezi wapo. Ila mbwa ana sheria zake. Kuna ya nchi, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, alaf kuna sheria ndogo za halmashauri yako ambazo hazifanani kila sehemu, kwahiyo usiniulize mimi faini ya kwenu ni sh ngapi, pita ofisi ya kata umuulize afisa mifugo kabla hujaleta huyo mbwa.

Kubwa kuliko yote ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Akifika miezi 3 anachanjwa, baada ya hapo ni kila mwaka, na ikikaribia tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sikilizia matangazo maana sehemu nyingi wanachanja bure. Cheti weka faili moja na karatasi za kiwanja.

Mimi cheti kilinisaidia sana. Mbwa wangu alimng'ata mguuni dogo wa bodaboda aliyeleta mzigo, majirani wakajaa, wengine washashika mapanga wanataka auawe palepale. Mtendaji wa mtaa kufika tu, "amechanjwa huyu?" Nikatoa karatasi, watu wakapoa. Dogo tulikuwa tushamwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, inatakiwa dakika 15 sio kumwagia tu, tukampeleka hospitali hapohapo kwasababu mbwa hata awe na cheti, wa kuamua sindano ni daktari. Gharama nikabeba mimi, mbwa ni wangu nibishane nini? Mbwa mwenyewe akafungwa akawa anaangaliwa siku 10, na ndo maana nasema msikimbilie kuua, ukishamuua hizo siku 10 za kumwangalia huna tena. Ila aliyeng'atwa yeye hasubiri, anaanza matibabu siku hiyohiyo, kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Na kile kibao cha MBWA MKALI usidhani kinakufutia kesi wakati geti liko wazi mchana kutwa. Halmashauri ikitangaza msako wa mbwa wazururaji hakuna atakayeuliza huyu wa nani.

Kinachonikera zaidi ni hii tabia ya kumfungia mbwa kwenye kiboksi cha mabati mchana wa joto la Januari, hana maji, hageuki, eti awe mkali usiku, wengine wanamlisha hadi pilipili. Huo ni ukatili na sheria ya 2008 inakugusa. Banda liwe na kivuli na aweze kusimama na kujigeuza, maji muda wote, na akiumwa aitwe mtaalamu, sio kumpa vidonge vyako vya maumivu.

Jirani naye mfikirie, mtu wa swala tano hataki mbwa amguse akiwa njiani kwenda msikitini, na watoto wa madrasa wanapita jioni, kwahiyo mfungulie usiku watu wakishalala, ndani ya uzio.

Ukihama na huwezi kwenda naye, mtafutie mtu wa kumchukua mapema au ongea na bwana mifugo akushauri, usimtupe sokoni, na ukimkabidhi mtu mpe na cheti chake.