Antares DC, Metanium, Zillion au Steez: ipi inatawalika na haichoshi mkono?

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kati ya rili za kuvulia (kifaa kinachokunja mshipi kwenye fimbo) Antares DC na Metanium za Shimano na Steez ya Daiwa, ipi ni rahisi kuitawala, ipi haitakuumiza kifundo cha mkono ukirusha kutwa nzima, na kama hiyo hiyo unaweza kwenda nayo Naivasha na Murchison ukirudi nyumbani likizo. Bajeti yako dola 500 hadi 600. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu zote hizi nimezitumia hapa Texas, hasa Lake Fork na Sam Rayburn, na naona watu wanalipa pesa nyingi kwa ajili ya jina wakati swali la kwanza lingekuwa: chambo unachorusha kina gramu ngapi?

Kwanza mshipi kuvurugika, maana ndilo lalamiko lako kubwa. Ukirusha, chambo kinaondoka kwa kasi yake kubwa mwanzoni, halafu hewa inaanza kukipunguza. Spuli, lile gurudumu linalobeba mshipi, haina habari hiyo, yenyewe inaendelea kuzunguka. Basi mshipi unatoka mwingi kuliko unaovutwa, unafura juu ya spuli, unajirudia chini, na hapo ndipo mtu anakaa kwenye boti anachokonoa vitanzi kwa ukucha huku wenzake wanavua. Spuli nzito ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ikishaanza kuzunguka haitaki kusimama. Spuli nyepesi inaanza haraka na inasimama haraka. Hicho ndicho kitu cha kwanza unachokilipia ukitoka rili ya dola 100 kwenda ya 300: spuli ya alumini iliyopunguzwa unene na kutobolewa matundu, siyo rangi wala idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi.

Kitu cha pili ni breki, na hapa ndipo hizo rili zako zinapoachana njia.

Metanium (nazungumzia ile ya 2020, gramu 175, spuli ya milimita 34) ina breki ya vipande vidogo vya plastiki. Spuli ikizunguka vinatupwa nje na kusugua pete iliyo ndani. Shimano wanaiita SVS Infinity. Nguvu ya kuvitupa nje inapanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo breki inabana sana sekunde ile ya mwanzo na kufikia mwishoni imeachia karibu yote. Mwenye gumba lililozoea atafurahi, kwa kuwa chambo kinaelea mbali bila kushikwa. Ambaye bado anajifunza kusimamisha spuli kwa gumba atapata shida hasa pale mwishoni, chambo kinapogusa maji.

Daiwa wao wanatumia sumaku, na kwenye spuli zao za SV kuna ufundi ambao naupenda sana. Ubavuni mwa spuli kuna kikombe chembamba cha alumini. Spuli ikikimbia, kile kikombe kinasogea na kuingia zaidi katikati ya sumaku, breki inaongezeka. Kasi ikipungua, springi inakirudisha, breki inalegea. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Zillion SV TW ya 2021 na kuendelea ina toleo wanaloliita SV Boost, ambapo kurudi huko kunafanyika kwa hatua mbili ili chambo kisonge mbele zaidi mwisho wa mrusho. Halafu kuna TWS, lile tundu la kupangia mshipi lenye umbo la herufi T. Ukibonyeza kurusha, mshipi unahamia sehemu pana ya juu na unatoka bila kukwaruza. Ukizungusha hendeli, unarudi kwenye sehemu nyembamba na kupangwa vizuri.

Antares DC ina kompyuta ndogo ndani. Haina betri. Spuli inapozunguka ndiyo inayozalisha umeme wake, na kompyuta inapima kasi mara 1,000 kwa sekunde na kuamua ibane kiasi gani. Ndani unaweka aina ya mshipi na namna unavyotaka kurusha, nje kuna namba 1 hadi 8. Ile sauti yake nyembamba ya kulia wakati chambo kiko hewani ni breki ikifanya kazi, na baada ya muda sikio linaanza kukuambia kama umerusha vizuri.

Sasa ukiniuliza ipi inatawalika zaidi, nitakuuliza unavua wapi. Sam Rayburn ni ziwa kubwa, upepo ukianza hapo hauna huruma. Kurusha chambo cha gramu 14 hadi 21 dhidi ya upepo ni mahali ambapo Antares DC inalipa kila senti. Upepo ukikipiga chambo ghafla, kidole cha binadamu kinachelewa, kompyuta haichelewi. Spuli yake ni kubwa, milimita 37, na ikipata chambo kizito inakwenda mbali kuliko rili nyingine yoyote ya umbo hili niliyowahi kuishika. Lakini ipe chambo cha gramu 5 na spuli ileile kubwa inakuwa mzigo, kwa sababu chambo hakina uzito wa kuiamsha. Hapo dola 600 zako hazikusaidii.

Lake Fork ni hadithi nyingine. Lile ni bwawa lililotokana na kuziba mto, maji yakafunika msitu, miti mikavu bado imesimama majini hadi leo, na ndiko alikotoka samaki aina ya besi wa rekodi ya Texas, ratili 18.18, Januari 1992. Huko hurushi mbali. Unarusha mita kumi, kumi na tano, chini ya gati, kati ya mashina mawili, chambo kiruke juu ya maji kama kijiwe na kuingia kivulini. Mrusho wa namna hiyo unavuruga mshipi kuliko wowote, kwa sababu chambo kinapogusa maji kinapunguzwa ghafla halafu kinaruka tena. Kwa kazi hii naweka Zillion SV TW mbele ya Antares DC bila kusita, na bei yake ni karibu nusu. Unaiweka breki mara moja asubuhi, unabadilisha chambo cha gramu 7 kwenda cha 14, na huigusi tena. Hilo ndilo ninaloliita kutawalika: rili isiyokulazimisha kuifikiria.

Steez ni familia, siyo rili moja, kwa hiyo angalia vizuri unachonunua. Steez CT SV TW ina spuli ndogo ya milimita 30 na uzito wa gramu 150, nzuri mno kwa chambo chepesi na kwa mikono midogo, ila mshipi inaobeba ni mchache. Steez SV TW ya magnesi (metali nyepesi) iko gramu 160. Steez A ni ya alumini, nzito kidogo na ngumu zaidi. Zote laini kama samli kwenye kuzungusha. Ila kwa mtu mwenye bajeti ya rili moja, tofauti kati ya Zillion na Steez utaisikia zaidi mfukoni kuliko majini.

Tuje kwenye mkono unaouma, ambao kwangu ni muhimu kuliko umbali.

Watu wanatazama gramu tu. Gramu 220 za Antares DC na 175 za Metanium zina tofauti, ndiyo, lakini kinachoumiza kifundo ni fimbo inayoinamia mbele. Funga rili kwenye fimbo yako, weka na chambo, kisha iegemeze juu ya kidole kimoja mbele kidogo ya rili. Ncha ikianguka, basi kutwa nzima mkono wako unafanya kazi ya kuinyanyua. Fimbo ndefu ya futi 7 na nusu wakati mwingine inatulia zaidi na rili nzito kuliko na rili ya gramu 150. Kwa hiyo usinunue rili kabla ya kujua itakaa kwenye fimbo gani.

La pili ni umbo ubavuni. Ukiishika rili kiganjani, upande usio na hendeli ndio unaolala kwenye mnofu chini ya gumba. Pitisha kidole pale. Kama kuna ukingo, kofia ya skrubu au kona, saa moja hutasikia kitu, saa ya sita ngozi itakuwa nyekundu. Kwa kiganja changu Metanium ndiyo bingwa hapa. Ni fupi, imeinama, na vidole vitatu vinaizunguka vizuri bila kunyoosha. Zillion inaifuata kwa karibu. Antares imejazana zaidi, mwenye mkono mkubwa ataipenda, mwenye mkono mdogo ataishika kwa kubana, na kubana ndiko kunakoleta maumivu.

La tatu ni hendeli. Ndefu, ya milimita 90 au 100 toka ncha hadi ncha, inapunguza nguvu unayotumia kuvuta chambo kinachozama sana. Fupi inarudisha mshipi upesi ila inadai nguvu. Vifundo vya kushikia viwe vipana; vile vyembamba vya mviringo vinateleza mkono ukiwa na utelezi wa samaki. Gia nayo inaingia hapa: rili ya 8 kwa 1 (hendeli mzunguko mmoja, spuli minane) kwenye chambo chenye mdomo mpana kinachozama mita nne itakuchosha bega, tumia ya 5 au 6. Hizo za 7 na 8 ziache kwa jigi (chambo chenye kichwa kizito) na vyambo vya vyura vya mpira, pale unapotaka kukusanya mshipi haraka umnase samaki kabla hajaingia kwenye magugu.

Na hili la nne hukuliuliza: mkono unaozungushia. Umesema unarusha kwa kulia, halafu unahamisha fimbo kushoto ili uzungushe kwa kulia. Huko kuhamisha, mara mamia kwa siku, kunachangia sana kuchosha kifundo. Jaribu rili ya hendeli ya kushoto. Shimano wanaiweka kwa namba inayoishia na 1, mfano 101 badala ya 100. Daiwa wanaongeza herufi L mwishoni.

Rili ikifika, usiende nayo ziwani moja kwa moja. Jaza mshipi, acha milimita mbili hivi kabla ya ukingo wa spuli; ukiijaza hadi juu umeiongezea uzito ule ule uliolipa pesa kuuondoa. Kisha kile kifundo kidogo cha kubana spuli, upande wa hendeli: kikaze, halafu kilegeze taratibu huku ukisukuma spuli kwa gumba kushoto na kulia. Pale ambapo mchezo unakaribia kuonekana, simama. Kwenye rili za Daiwa za SV usikitumie tena kama breki, kiache hapo, breki ni ile ya sumaku. Anza na namba za juu, rusha kwa ulaini ukiacha fimbo ifanye kazi, na shuka namba moja moja hadi mshipi uanze kunyanyuka kidogo, kisha panda moja.

Naivasha: rili yoyote kati ya hizi inafaa. Besi wa Naivasha ni jamaa wa hawa wa huku, waliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na wanakaa kwenye kingo za mafunjo na magugu vilevile. Mchana upepo huwa unaamka, kwa hiyo panga kuvua asubuhi, na mwenye boti atakuonyesha viboko walipo, umsikilize.

Murchison, hapana. Usiipeleke hata moja ya rili hizi kwa sangara. Rili hizi zinabeba karibu mita mia moja ya mshipi na dragi yake, yaani breki inayomzuia samaki anapovuta mshipi, ni kama kilo 5. Rekodi ya dunia ya sangara, iliyotoka Ziwa Nasser huko Misri mwaka 2000, ni kilo 104, na chini ya maporomoko ya Murchison wapo wakubwa kweli, na maji yenyewe yana nguvu kabla hata samaki hajavuta. Huko watu wanatumia Ambassadeur 7000 ya Abu Garcia, rili ya duara ya kizamani inayobeba mshipi mwingi, au Tranx 400 na 500 za Shimano. Kibali cha kuvua kinatoka kwa mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, kipange mapema.

Na kama utapita pwani, Kilifi au Bagamoyo, iache Metanium au ile Steez ya magnesi chumbani. Magnesi na maji ya chumvi haviivi chungu kimoja. Rangi ikikwanguka mahali padogo tu, magnesi inaanza kuliwa.

Kwa maelezo uliyotoa, yaani kiganja kidogo, gati na mashina, chambo cha gramu 7 hadi 14, mimi ningechukua Zillion SV TW ya gia ya 7.1, hendeli ya kushoto, na dola zinazobaki ninunue fimbo inayotulia nayo. Niandikie fimbo uliyonayo sasa ina urefu gani na inabeba chambo cha gramu ngapi, nitakuambia kama inafaa kubaki.