Dawa ya kukinga figo kabla ya upasuaji wa moyo

Dada yangu, pole kwa wasiwasi. Umesema baba atapasuliwa moyo mwezi ujao, na jirani yenu hapo Kisauni anakuhimiza umnunulie dawa ya kukinga figo, kwa kuwa damu inayofika kwenye figo hupungua wakati wa upasuaji. Nakuomba usinunue chochote kwanza.

Sehemu ya ndani ya figo hufanya kazi nzito kwa oksijeni kidogo, ndiyo maana damu ikipungua huumia upesi. Na damu ikirudi, nayo huleta madhara yake: kemikali kali huzalishwa ghafla na kuchoma seli. Dawa nyingi zimezuia haya kwa panya, lakini mara nyingi panya hupewa dawa kabla watafiti hawajaubana mshipa wa damu wa figo, na figo zake ni changa, nzima. Kwa binadamu nyingi zimeshindwa. Dopamini, dawa ya kuongeza mzunguko wa damu, kwa dozi ndogo ilitumika miaka mingi hadi utafiti wa 2000 ulipoonyesha haikingi figo.

Lenye matumaini ni dripu ya amino asidi, yaani viini vinavyojenga protini. Mwaka 2024, katika wagonjwa 3,511 wa upasuaji wa moyo, figo ziliumia kwa asilimia 26.9 ya waliopewa, dhidi ya 31.7 ya wasiopewa. Muulizeni daktari kama inamfaa. Si kitu cha kujinunulia.

Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu ambazo baba anameza kwa ajili ya magoti, zinaweza kuumiza figo; mwambieni daktari leo. Dawa za presha pia, asiziache mwenyewe. Dawa za mizizi za soko la Mwembe Tayari wekeni kando kabisa. Na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, ipimwe mapema, tafadhali, kabla ya siku ya kulazwa.