Kabla ya Kuuza Hisa Marekani, Mchunguze Kwanza Mkaguzi Wako

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhasibu wa kampuni ya Afrika Mashariki iliyotaka kuuza hisa zake New York. Hesabu zetu ziliandaliwa kwa viwango vya kimataifa vya IFRS, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia mwaka 2004, nasi tuliamini kwamba kazi iliyobaki ni ya mawakili. Tulikosea, na kosa halikuwa kwenye tarakimu.

Kampuni ya kigeni inayoandikisha hisa kwa Fomu F-1 hutakiwa iwe na mkaguzi aliyesajiliwa na PCAOB, bodi ya Marekani inayowasimamia wakaguzi, na ukaguzi wenyewe ufuate viwango vya bodi hiyo. Wetu alikuwa amesajiliwa. Hata hivyo, kila mwisho wa mwaka vijana wake walitusaidia kuunganisha hesabu za kampuni tanzu na kuandika maelezo yake, msaada ambao wengi huku kwetu huuona wa kawaida, ilhali kwa kanuni za SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi hiyo, aliyeandaa hesabu hahesabiwi kuwa huru kuzikagua. Ikabidi atafutwe mkaguzi mwingine arudie kazi, naye akadai ushahidi wa kuhesabu mali ghalani kwa siku zilizokwisha kupita. Miezi ile iliniumiza sana, kwa sababu ingeweza kuepukwa.

Kwa hiyo nashauri hivi: miaka miwili kabla ya kuomba, orodhesheni kila huduma mliyomlipa mkaguzi, mumkabidhi wakili anayezijua kanuni za SEC, kisha muajiri mhasibu wa kuunganisha hesabu ndani ya kampuni yenu wenyewe.

Kuhusu IFRS, tangu 2007 SEC haidai tena ulinganisho na kanuni za uhasibu za Marekani, mradi maelezo ya hesabu yatamke waziwazi, bila kuacha shaka, kwamba zimefuata viwango kama vilivyotolewa na IASB, bodi ya kimataifa inayovitunga, na ripoti ya mkaguzi itamke vivyo hivyo. Kutaja sheria ya nchi yenu peke yake hakutoshi.

Baada ya kuorodheshwa, ripoti ya mwaka ya Fomu 20-F hutakiwa ndani ya miezi minne, na kuanzia ripoti ya pili uongozi hutathmini udhibiti wake wa ndani wa taarifa za fedha. Anzeni mapema kuandika nani anaidhinisha malipo gani, na karatasi ya idhini hiyo inatunzwa wapi.