Handaki nyuma ya jiko

Wiki hii mmeuliza: askari akirudi kutoka vitani, nani wa kumsaidia kwanza, yeye na familia yake? Mimi nasema askari mwenzake. Wengi wataitaja serikali, nami nitaifikia, ila ngoja nianze na baba.

Baba alikuwa mgambo. Mwishoni mwa 1978, Mwalimu Nyerere akiwa ameshasema kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin tunao, baba alipanda treni Morogoro na wenzake kuelekea Mwanza. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Mwaka huohuo akarudi kwetu Matombo, mzima wa viungo, na watu wakamchinjia mbuzi.

Vuli ilipoanza, alitoka usiku na jembe akachimba handaki nyuma ya jiko. La kumtosha mtu mmoja aliyechuchumaa, kingo zimechongwa vizuri, udongo umerundikwa upande mmoja. Asubuhi mama akalikuta. Hakusema neno. Alitia samadi akapanda mgomba. Mwaka uliofuata baba akachimba jingine. Nilipoingia darasa la saba tulikuwa na migomba mitano, imejipanga mstari, na majirani wakizisifu ndizi zetu.

Mama alihangaika. Mawifi zake walisema ni mizimu ya watu aliowaua. Mganga akala kuku wetu watatu. Hospitali baba alikataa katakata, maana ukigusia tu habari za kichwa, watu wanakuita "wa Mirembe", ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Na mama hakuwahi kuelezwa na yeyote kwamba mume anaweza kurudi hivyo. Alidhani kosa ni lake.

Aliyemtuliza baba ni fundi baiskeli wa gulioni, naye wa vita ileile. Siku moja nilitumwa kumwita baba, nikamkuta pale na fundi na mzee mwingine, wanabishana juu ya ile mizinga ya roketi 40 ambayo Waganda waliiita "saba saba". Baba alikuwa anacheka mpaka machozi. Nyumbani kicheko kile hatukukijua. Sisemi walimponya, lakini mgomba wa sita haukupandwa.

Sasa serikali. Barua ya baba ya kuitwa vitani ililiwa na mchwa, na ofisi moja ikamtaka alete shahidi. Shahidi akawa fundi baiskeli. Je, fundi angekuwa amekufa, mama angempata wapi mtu wa kumthibitishia?

Vita hivyo ni vya zamani, lakini vijana wetu wanaenda Congo. Desemba 2017 kule Semuliki waliuawa walinda amani wetu wasiopungua 14, na walionusurika walirudi kwa wake zao. Naomba mawili tu. Wake waitwe kambini kabla waume hawajafika, waambiwe waziwazi: atashtuka usiku, atanyamaza, pengine atakuwa mkali, na ukiona hivi nenda kwa fulani. Na askari anapostaafu, apewe majina na simu za wenzake waliopo wilaya anayokwenda kuishi. Hilo halihitaji bajeti, ni karatasi moja.

Juzi nilimuuliza mama kwa nini miaka yote ile hakumwambia mtu habari za yale mahandaki.

"Ningeanzaje, mwanangu? Kwamba mume wangu analima usiku?"