Mama aliniomba nimtafutie sindano ya kulala moja kwa moja

Mkuu pole sana kwa hali ya mzee. Umeuliza kama kuna dokta hapa Bongo anaweza kumchoma sindano apumzike, au kama unaweza kumpeleka Kanada maana umesikia kule ni halali.

Bongo hakuna, hata mgonjwa aombe mwenyewe kwa machozi. Dokta akichoma hiyo ni kesi ya mauaji, na anayemsaidia mtu kujiua sheria inampa mpaka kifungo cha maisha. Kanada kweli wameruhusu tangu 2016 ila lazima uwe unastahili matibabu ya serikali yao na wataalamu wawili tofauti wakukubalie, mgeni aliyekuja kutembea hawamgusi. Uswisi wanapokea wageni ila dawa mgonjwa anaitumia kwa mkono wake mwenyewe, dokta haruhusiwi kumchoma.

Sasa sikia yangu. Mama alikuwa na kansa ya shingo ya kizazi, ilishafika kwenye mifupa, hospitali tuliyokuwa tunaenda wanatupa panadol na diklofenaki basi, usiku anang'ata khanga wajukuu wasimsikie. Siku hiyo akaniambia mwanangu, mwambie daktari anichome nilale nisiamke. Nilitoka nje nikalia, halafu kweli nikaenda kuuliza, na nesi mmoja mtu mzima akaniangalia akasema, kwani ameshapewa mofini?

Nilikuwa sijawahi hata kuisikia hiyo dawa kali ya maumivu. Tukapata rufaa ya Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, kwa watu wa tiba shufaa (wanaotuliza maumivu ya mgonjwa), kumbe mofini yenyewe ni ya maji, anakunywa kila baada ya masaa manne (ulizia na dawa ya kulainisha choo, mofini inafunga tumbo vibaya mno). Mama mdogo aligoma eti dada yake atakuwa teja. Mkuu, mgonjwa wa kansa anayekunywa kwa kipimo cha daktari siyo teja, usikubali ndugu wakuzungushe hapo kama sisi tulivyopoteza siku nne.

Siku ya tatu ya dawa mama akaomba uji wa ulezi. Aliishi wiki tisa tena na habari ya sindano hakuirudia.

Sisemi kila anayeomba kufa anaomba kwa sababu ya maumivu, wapo wenye mengine na siwahukumu. Ila umeandika mzee anameza diklofenaki tu, hapo ndipo moyo umeniuma. Kesho asubuhi nenda ulizia mofini, wakisema haipo usiondoke bila barua ya rufaa.