Kuunga pikapu za gitaa bila kulehemu: pima kabla hujafunga kifuniko

Wewe unayeanza kubadilisha pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za gitaa la umeme na hutaki kushika pasi ya kulehemu, karibu. Inawezekana kabisa. Ila elewa kwamba risasi ya kulehemu ilikuwa ikishika waya na kupitisha umeme kwa pamoja, na sasa kazi hizo zote mbili zinategemea mbano wako.

Kwanza jua una mfumo gani. Pikapu za kampuni ya EMG zenye betri ya volti 9 huja na plagi ndogo za kuchomeka, na zinataka potensiometa (kinzani za kuzungusha zilizo chini ya vitufe vya sauti) za kiloomu 25. Usizichanganye na zile za 250 au 500 za pikapu za kawaida. Seymour Duncan wana potensiometa iitwayo Liberator, ambayo waya hubanwa bila kulehemu. Kwa gitaa lingine, konekta ndogo za skrubu zinatosha, mradi ziingie ndani ya tundu la gitaa, chini ya kifuniko, bila kugusa bati la kukinga mvumo.

Waya za pikapu mpya mara nyingi huja na ncha zilizopakwa risasi. Kata ncha hizo. Risasi ni laini. Skrubu ikiibana, hutanuka polepole na mbano unalegea. Menya milimita tano au sita, sokota nyuzi za waya, kisha zikunje ziwe nene mara mbili, kwa sababu waya hizi ni nyembamba na skrubu hupita pembeni yake. Kaza, halafu vuta kila waya kwa vidole. Ukichomoka sasa, umejiokoa na usumbufu wa kesho jukwaani.

Rangi ndizo zinazowachanganya wengi, na nasisitiza: mchoro wa kampuni moja haufai kwa nyingine. Kwenye hambaka (pikapu yenye koili mbili) ya Seymour Duncan, waya mweusi ndio wa sauti, mwekundu na mweupe huunganishwa pamoja, kijani na waya mtupu huenda ethi, yaani upande wa ardhi. Kwa DiMarzio wa sauti ni mwekundu, na wanaounganishwa pamoja ni mweusi na mweupe. Wale wawili wanaokutana wenyewe wape konekta yao, wasiguse kitu kingine chochote.

Sasa mita ya umeme, iwekwe kupima kiloomu. Kama pikapu ni za kawaida, zisizo na betri, chomeka kebo kwenye jeki (tundu la kebo kwenye gitaa), fungua sauti yote, upime kati ya ncha ya plagi na shina lake. Hambaka ya kiloomu 8 kwenye potensiometa ya 500 itasoma pungufu kidogo ya 8, kwa kuwa potensiometa iko sambamba nayo. Ukipata karibu na 500, pikapu haijaunganika. Tazama kwanza wale waya wawili wanaounganishwa pamoja. Ukipata kama 4 wakati swichi imechagua pikapu moja, koili moja tu ndiyo inayofanya kazi. Ukipata sifuri, waya wa sauti unagusa ethi mahali fulani. Mita isiposoma kitu, rudi kwenye jeki. Kipimo hiki kimoja kinakuonyesha karibu kila kosa hata kabla ya kufunga nyuzi, ndiyo maana siwezi kumwachia mwanafunzi akiruke.

Kisha washa amplifaya kwa sauti ndogo na ugonge kila pikapu taratibu kwa bisibisi, ukibadilisha swichi. Iliyochaguliwa ndiyo italia.

Kuna kosa moja ambalo mita haioneshi kwa urahisi: kila pikapu peke yake inalia vizuri, lakini mbili pamoja sauti inakuwa nyembamba, besi imetoweka. Hapo zinapingana. Badilisha nafasi za waya wa sauti na wa ethi wa moja kati yake, lakini waya mtupu ubaki ethi. Pikapu yenye waya mmoja tu uliofumwa kwa nje usiigeuze hivyo, maana kifuniko chake cha chuma kitageuka njia ya sauti na kuleta mvumo.

Waya wa ethi unaotoka kwenye daraja la nyuzi usiusahau kwenye pikapu za kawaida. EMG za betri hawauhitaji.

Na mkiwa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, hewa ya chumvi huleta kutu kwenye skrubu. Fungua kifuniko kila unapobadilisha nyuzi mara mbili tatu, ukaze upya, na waya uliogeuka kijani ukate umenye tena.