Mariners wa Portland ni timu ya 1977 au ya 2018?

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu mimi mwenyewe lilinisumbua kwa miaka kadhaa. Umesema kwamba umehamia Portland, jimbo la Maine, hivi karibuni, kwamba kijana wako ameanza kuipenda hoki ya barafuni, na kwamba wenzake shuleni wamegawanyika: wengine wanashikilia kuwa Maine Mariners ni timu ya mwaka 1977, wengine kuwa ni ya 2018, nawe ungependa kujua nani ana haki. Mimi niliingia mji huu mwaka 2009 nikitokea Tanga, na aliyenifungua macho ni mzee mmoja niliyefanya naye kazi ghalani, mtu aliyekuwa akienda ukumbini kutazama hoki tangu ujana wake.

Ugumu wetu sisi tuliolelewa na kandanda ni kwamba tunaiona klabu kuwa mali ya wanachama na mji wake, na hatuwezi kuwaza Yanga ikiamka asubuhi moja na kujikuta Mwanza. Katika hoki ya kulipwa ya Marekani, kitu kinachomilikiwa ni leseni ya kushiriki ligi, na mwenye leseni anaweza kuiuza, kuihamisha au kuibadilisha jina apendavyo, ilimradi ligi imekubali. Waliofuatilia jinsi Ihefu ya Mbarali ilivyohamia Singida, na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars, wataielewa hoki ya Portland upesi, maana hapa mambo ya namna hiyo yametokea tena na tena.

Jambo la pili ni kwamba hakuna kupanda wala kushuka daraja. Juu kabisa ipo ligi ya NHL, chini yake AHL, na chini ya hiyo ECHL. Timu ya AHL hata ikitwaa kombe miaka kumi mfululizo itabaki AHL; wanaopanda ni wachezaji mmoja mmoja, kwa sababu wengi wao wana mikataba na timu ya NHL inayoilea timu hiyo ndogo, na wanaweza kuitwa usiku wakacheza kesho yake katika mji mwingine. Makocha nao huitwa vivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye mwaka 1977. Ukumbi wa katikati ya mji, ambao leo unaitwa Cross Insurance Arena, ulifunguliwa mwaka huo kwa jina la Cumberland County Civic Center. (Elvis Presley alikuwa amepangiwa kuimba humo tarehe 17 Agosti 1977, akafariki siku moja kabla.) Philadelphia Flyers, timu ya NHL, waliokuwa wakihitaji mahali pa kuwakuzia vijana wao, waliweka hapo timu mpya ya AHL na kuiita Maine Mariners, yaani mabaharia wa Maine, jina linaloufaa mji huu wa bandari. Timu hiyo ilitwaa Kombe la Calder, ambalo ndilo kombe la AHL, katika msimu wake wa kwanza kabisa, mwaka 1978, kisha ikalitwaa tena mwaka 1979, na mara zote mbili iliyoshindwa fainali ilikuwa New Haven.

Ukitaka kuelewa maisha ya timu tanzu, tazama yaliyowapata makocha wake. Bob McCammon aliyeleta kombe la kwanza alipandishwa kwenda kuwafundisha Flyers, na Pat Quinn akashika nafasi yake Portland. Mambo hayakwenda vizuri Philadelphia, na ilipofika Januari 1979 wawili hao wakabadilishana viti katikati ya msimu: Quinn akapanda, McCammon akarudi Maine, na miezi michache baadaye akawa ameshika kombe la pili. Mzee wangu alikuwa akisema kwamba mashabiki wa Portland walijifunza mapema kumpenda mtu huku wakijua kuwa ataondoka.

Aliyempenda kuliko wote ni Pelle Lindbergh, mlinda mlango kutoka Sweden, ambaye katika msimu wa 1980–81 alitangazwa kuwa mchezaji bora wa AHL nzima na pia chipukizi bora. Baadaye Lindbergh alipanda Philadelphia, mwaka 1985 akapata tuzo ya Vezina ya mlinda mlango bora wa NHL, akiwa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kuipata, na Novemba mwaka huohuo akafa kwa ajali ya gari. Mzee wangu, kila alipolifikia jina hilo, alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea, na mimi nilijifunza kumsubiri.

Mwaka 1983 Flyers waliiuza timu kwa New Jersey Devils, timu nyingine ya NHL. Kombe la tatu lilikuja 1984 chini ya John Paddock, aliyekuwa mchezaji na akakabidhiwa ukocha baada ya kocha Tom McVie kuitwa New Jersey msimu ukiwa bado mchanga. Mwaka 1987 Devils waliihamishia leseni yao Utica, jimbo la New York, na hapo Mariners wa 1977 wakawa wamekwisha.

Lakini ukumbi haukukaa mtupu. Msimu huohuo Boston Bruins walikuja na timu nyingine ya AHL, nayo ikapewa jina lilelile la Maine Mariners. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu shabiki aliyeketi kitini mwake mwaka 1986 na mwaka 1988 aliona jina moja, ilhali kisheria alikuwa ametazama timu mbili. Hao Mariners wa pili, waliofundishwa kwanza na Mike Milbury, hawakuwahi kutwaa kombe, na mwaka 1992 wakahamia Providence, jimbo la Rhode Island. Nakuomba uukumbuke mji huo.

Baada ya msimu mmoja bila timu, mwaka 1993 ikaja leseni ya tatu kutoka Baltimore, ambako timu iliitwa Skipjacks, nayo ikabatizwa Portland Pirates, maharamia badala ya mabaharia. Timu iliyoilea ilikuwa Washington Capitals, kocha alikuwa Barry Trotz, na historia ikajirudia: msimu wa kwanza, mwaka 1994, Kombe la Calder. Mchezaji bora wa hatua ya mtoano alikuwa mlinda mlango Olaf Kolzig, na hili mwambie kijana wako kwa msisitizo, kwa sababu Kolzig alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, kwa wazazi Wajerumani. Mtoto aliyezaliwa barani kwetu, penye barafu ya kutafuta kwa tochi, ndiye aliyesimama golini Portland ilipolichukua kombe lake la nne, na mwaka 2000 akaipata Vezina kama Lindbergh. Trotz naye alishinda Kombe la Stanley, yaani kombe la NHL, akiwa na Washington mwaka 2018.

Pirates ndio timu niliyoikuta mimi. Wakati huo ililelewa na Buffalo Sabres, baada ya Capitals na kisha Anaheim kuondoka, na mchezo wa kwanza kuutazama sikuelewa chochote isipokuwa kasi. Nilirudi kwa sababu ya vijana: tuzo ya chipukizi bora wa AHL ilikwenda kwa wachezaji wa Portland miaka mitatu mfululizo, Nathan Gerbe mwaka 2009, Tyler Ennis 2010 na Luke Adam 2011, na kila mmoja tulimwona akipanda tukabaki na nafasi yake tupu. Baadaye walezi wakawa Phoenix Coyotes, na mwisho Florida Panthers. Jezi haikubadilika jina, lakini kila mlezi mpya alileta wachezaji wake, kiasi kwamba mwenye kuiona tena baada ya miaka miwili asingemtambua mtu.

Mwaka 2011 wapiga kura wa kaunti waliidhinisha mkopo wa dola milioni 33 wa kuukarabati ukumbi. Kazi ilipokaribia kumalizika, timu na bodi inayosimamia ukumbi hawakukubaliana juu ya mkataba wa upangaji, hususan mgawanyo wa mapato ya vyakula na vinywaji, na kwa hiyo msimu wote wa 2013–14 mechi za nyumbani zilichezwa Lewiston, katika ukumbi wenye viti visivyofikia 4,000. Nilikwenda mara tatu, kwa gari na katika theluji, na nilipoingia nilijua nimeingia wapi: ni jengo lilelile ambamo Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza tarehe 25 Mei 1965. Timu ilirudi Portland baada ya mkataba mpya wa miaka mitano kutiwa saini, lakini Mei 2016 ikatangazwa kuwa leseni imeuzwa na inahamia Springfield, Massachusetts, ambako hadi leo inaitwa Thunderbirds. Mwanangu wa kwanza alikuwa amejifunza kutambua namba kwa kusoma migongo ya jezi zile, na sikuwa na jibu la kumpa aliponiuliza wamekwenda wapi.

Majira mawili ya baridi yalipita bila hoki ya kulipwa. Kisha Comcast Spectacor, kampuni inayomiliki Flyers, ikainunua leseni ya Alaska Aces ya Anchorage iliyokuwa imeacha kucheza, ikaileta Portland, na baada ya mashabiki kualikwa kupendekeza majina, likachaguliwa Maine Mariners. Hiyo ndiyo timu mnayoitazama, iliyoanza kucheza Oktoba 2018, ngazi moja chini, yaani ECHL. Msimu wa 2020–21 haikushiriki kwa sababu ya korona.

Kwa hiyo, ndugu yangu, wanaosema 2018 wana haki kwa hesabu ya leseni, na wanaosema 1977 wana haki kwa hesabu ya jina na ya mji, mradi wakiri kwamba Makombe manne ya Calder si ya timu hii: matatu ni ya Mariners wa kwanza na moja ni la Pirates. Mimi binafsi huanza kuhesabu 1977, kwa sababu ukumbi ni uleule na wazee waliokaa humo bado wapo, na nadhani mji una haki ya kujihesabia kumbukumbu zake hata leseni zikiondoka.

Nilikuomba uukumbuke mji wa Providence. Tangu 2021 Mariners hawa wanalelewa na Boston Bruins, na timu ya Bruins iliyo kati yao na NHL ni Providence Bruins, yaani leseni ileile iliyoondoka Portland mwaka 1992. Mkiwa ukumbini na kijana wako, mkasikia kwamba fulani hayupo leo kwa sababu ameitwa Providence, mwambie kwamba amekwenda kuichezea timu iliyokuwa ikiitwa Maine Mariners katika ukumbi huohuo mlioketi.